Siagi Kwenye Supu ya Bondia

Nilimwomba Mungu amnenepeshe mdogo wangu, na Mungu akanisikia kuliko nilivyostahili.

Ulikuwa mwezi wa tano tangu tumzike mama. Mdogo wangu alikuwa ameacha kazi ya kupasua barafu kwenye ghala la samaki, anashinda kitandani ameelekea ukutani. Ndipo fundi wa mashine za barafu, ambaye pia ni kocha wa ndondi, alipomwita chumba cha nyuma cha ghala akamvalisha glavu. Mdogo wangu akaanza kuamka kabla yangu.

Nilishukuru. Ila nilimwona anakonda, anasukuma sahani pembeni, nikajua huyu naye anamfuata mama. Sikumuuliza. Mimi hodari wa kusali, kuuliza sikujaliwa. Nikawa nayeyusha siagi kwenye supu yake ya mboga, kisha naenda kupiga magoti.

Siku ya pambano lake la kwanza, mizani ikaonyesha amezidi uzito wa daraja lake kwa nusu kilo. Akaapa kwamba wiki tatu hajala kitu ila supu. Jasho likaanza kunitoka mimi, wakati mwenye kazi ya kutoa jasho ni yeye.

"Ni mimi," nikasema. "Niliweka siagi."

Kocha akauliza kiasi gani.

"Vijiko viwili. Siku za ibada, vitatu."

Mdogo wangu akanigeukia taratibu. "Dada, kwani wewe uko kambi ya nani?"

Wasimamizi wa pambano wakampa saa moja apunguze uzito. Akavaa koti zito la chumba cha barafu, akaanza kukimbia ufukweni juani. Nami nikamfuata na viatu vyangu vya ibada, nikihema kama pampu mbovu, mpaka akanihurumia akapunguza mwendo.

"Ulidhani nakufa?"

Nikakubali.

"Nilipokuwa nalala mchana kutwa, hapo ndipo ungeniwekea siagi. Sasa hivi nina kazi."

Mizani ikamkubali. Akapigana raundi zote, akashindwa kwa pointi, akashuka ulingoni anacheka na jicho limevimba.

Kesho yake niliamka nikakuta ameshaenda mazoezini. Kopo la siagi alikuwa amelipandisha juu ya kabati, pale pale mama alipokuwa akituficha sukari. Mkono wangu haukufika. Nililia kidogo, nikashukuru, kisha nikala mkate mkavu.