Mapazia ya Siku ya Tatu

Mtaani kwetu tulimwita Mapokezi, na jina lake halisi walilijua wachache. Alikaa kaunta ya gesti moja karibu na stendi, akiwaambia wageni yaleyale kila siku: maji ya bomba usinywe mpaka uyachemshe, soketi zetu ni za matundu matatu, adapta ninayo, teksi patana bei kabla hujapanda, hela usibadilishe barabarani, utalizwa. Kasuku, lakini kasuku mwenye adabu.

Nyumbani hakuwa na wa kumwambia kitu. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, na binti yake wa pekee alikwenda ng'ambo kusoma, akaolewa hukohuko. Mzee alikuwa akila amesimama jikoni. Ukimuuliza hali, atakwambia mzima. Mwongo mkubwa! Mimi jirani yake nilimsikia akiongea na redio.

Basi binti akapiga simu: anakuja, na atafikia nyumbani. Mapokezi akapaka rangi kile chumba cha zamani, akanunua godoro na mapazia mapya. Mapazia hakuyatundika. Nikamuuliza kulikoni.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akanijibu akicheka. "Siku ya tatu atayatundika mwenyewe. Hapo nitajua mwanangu amerudi."

"Jembe gani hilo la kitambaa!" nikamtania.

Siku aliyofika nilikuwepo, nimepeleka kiti cha kuazima. Alimkumbatia baba yake, wakalia kidogo, kisha akaingia jikoni na glasi mkononi. Akashika bomba, akasita.

"Baba, samahani. Maji ya huku yananyweka?"

Bomba lilelile alilokuwa akilinywea utotoni, kichwa chini, mama yake akimgombeza. Mapokezi akafungua mdomo, na iliyotoka ilikuwa sauti ya kaunta.

"Hapana, yachemshe kwanza. Soketi zetu ni za matundu matatu, adapta ninayo. Karibu sana."

Binti akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilitazama sakafu.

Siku ya tatu asubuhi mzee aliweka mapazia mezani, akasimamisha ngazi dirishani. Binti akatoka chumbani na sanduku lake.

"Baba, usinune. Joto hili limenishinda, sipati hata lepe la usingizi. Nimechukua chumba kulekule gesti kwako, kuna kiyoyozi. Si tutaonana kila siku?"

"Tutaonana, mama," akasema. Kisha akambebea sanduku.

Mfagiaji wa gesti ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Mzee alizunguka nyuma ya kaunta, akavaa miwani, akampa mwanawe ufunguo kwa mikono miwili.

"Maji ya bomba..." akaanza.

"Najua, Baba. Ulishaniambia."

Jioni nilimkuta mzee nyumbani kwake juu ya ngazi, anatundika mapazia. Nikamshikia ngazi isicheze.