Kinyozi Aliyeota Nywele Mdomoni

Wateja walimwita Redio, na jina halikumwonea. Watu walipita vinyozi watatu njiani ili wapange foleni kwake, wasikie tu leo ana lipi. Kila akikung'uta shuka la kunyolea, aliita kwa sauti ya kufika barabarani: "Anayefuata!"

Basi saratani, kwa kukosa adabu, ikachagua shavu lake, kwa ndani.

Daktari hakuzunguka. Shavu bovu litakatwa, pengo lizibwe kwa ngozi na nyama ya kifuani. Kipande hicho hakitang'olewa kabisa: kitabaki kimeshikana na mshipa wake wa damu, kipitishwe chini ya ngozi ya shingo hadi mdomoni, kifua kiendelee kukilisha.

"Nitaongea?" Redio hakuwa na swali jingine.

"Kikishika, utaongea. Kikifa, tunaanza upya."

Mkewe akadakia, "Daktari, hicho kifua umekiona lakini? Nywele zulia zima!"

Akapasuliwa. Siku ya tatu ukingo wa kiraka ukaingia weusi, mke akakimbia kumwita nesi. Nesi akakichoma na sindano, ikachomoza damu nyekundu: kiraka bado kiko hai. Jamani, ilivyopendeza ile damu!

Kidonda kikafunga. Wiki ya tatu daktari akamruhusu kuongea, lakini wapi! Redio aliogopa neno moja tu litakifumua kiraka. Akawa mtu wa kuandika kwenye daftari.

"Miaka kumi na tisa ya ndoa," mkewe alimtania, "leo ndiyo namaliza sentensi." Kisha akaenda kulia jikoni, maana nyumba ilikuwa kimya mno.

Wiki ya sita ulimi ukagusa kitu kinachochoma. Redio akarukaruka, akaonyesha mdomo. Mke akamulika na tochi ya simu.

"Weee! Umeota nywele!"

Wakakimbilia kliniki hata viatu havijafungwa vizuri. Daktari alichungulia, akacheka mpaka akavua miwani.

"Kifua hakijui kama kimehama! Zitapunguzwa na mkasi, wewe si fundi? Ndugu yangu, kitu kilichokufa hakioti nywele. Kimeshika!"

Redio akamtazama mkewe, machozi yanamlenga. Akainuka, akafungua mlango. Nje benchi lilijaa wagonjwa, foleni imenyooka kama ya kwake.

"Anayefuata!"

Sauti ilitoka nzito, ina kitembe kidogo, lakini ilifika hadi getini. Mzee wa kwanza benchini akachukua faili lake akaingia.