Mkasi na Sauti ya Tatu

Fundi wa cherehani yule walimbandika jina la Mkasi, na si kwa sababu ya kazi yake. Mdomo wake ndio uliokata. Mteja akileta kitambaa kifupi, alimwambia, "Hapa natoa gauni la mwanasesere. Wewe mwenyewe utavaa nini?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakarudi na kitambaa kingine, maana mshono wake ulikuwa safi na roho yake haikuwa mbaya. Kanisani aliimba sauti ya pili, na mazoezi ya kwaya hakuyakosa.

Jumamosi moja kwaya ilipata mgeni, mwanamke mrefu, mpole, aliyepiga pasi kwenye duka la dobi nyuma ya soko. Akapangwa na wanawake wa sauti ya kwanza. Wimbo ulipopanda, yeye akabaki chini, anakwaruza. Mwalimu wa kwaya akasimamisha wimbo, akauliza kuna nini.

"Mwalimu, tumtie mafuta," Mkasi akadakia. "Hiyo si sauti, ni bawaba ya mlango!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mgeni naye akacheka. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake.

Mkasi alikuwa akimsimulia mumewe kisa hicho kwa mara ya tatu, mezani, huku akiigiza mlango unavyolia. Mumewe, fundi saa asiye na maneno mengi, akaweka kijiko chini.

"Na yeye alicheka?"

"Alicheka sana!"

"Basi mbona harudi?"

Mkasi akaacha kuigiza mlango, akaanza kukusanya vyombo kabla kisa hakijaisha. Jambo hilo lilikuwa halijatokea tangu waoane. Asubuhi alipopiga magoti, alijikuta akimsifu Mungu kwa mdomo uleule uliomfukuza mwenzake kanisani. Akainuka kabla ya kusema amina.

Siku hiyo alifunga kazi mapema. Njiani alipanga hotuba ndefu, yenye utangulizi na mistari ya Biblia, lakini alipoingia dukani kwa dobi na mvuke ukampiga usoni, hotuba yote ikayeyuka.

"Dada," alisema, "nilikuumiza ili watu wacheke. Naomba unisamehe. Sina la kujitetea."

Yule dada akaiacha pasi imetulia juu ya shati. "Tangu shuleni naambiwa ninyamaze wengine waimbe," alisema taratibu. "Nilidhani kanisani ningepata nafasi..." Hakumaliza. Wote wawili walikuwa wamesikia harufu: kola ya shati la mteja ilikuwa inaungua.

"Uuuwi!"

"Nipe mimi," Mkasi akasema, akilinyakua shati. "Kola naigeuza, upande ulioungua unaingia ndani. Na mwenye shati nitamwambia kosa ni langu."

Wakatazamana, wakacheka, safari hii wote wawili kwa dhati. Walipotulia, yule dada akauliza, "Lakini niambie ukweli. Naimba vibaya?"

Vichekesho vitatu vilimjia Mkasi hapo hapo. Akavimeza vyote. Wala hakutaka kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Unaimba mahali si pako," alisema. "Sauti yako ni nzito, na haitikisiki. Wamekulazimisha juu bure. Njoo ujaribu sauti ya tatu, ile ya wanaume."

"Na wanaume?"

"Watasogea."

Jumamosi walisogea kweli, wengine kwa kununa. Wimbo ulipofika pale ambapo sauti ya tatu hupotea kila wiki, yule dada akaushika, sauti nene, tulivu, na wanaume wakamfuata mpaka mwisho. Mwalimu alisahau mikono yake hewani.

"Dada," mzee mmoja wa sauti ya tatu akamwambia, "ulikuwa wapi miaka yote hii?"

Watu wakageuka kumtazama Mkasi, wakisubiri kauli yake.

"Alikuwa hapa hapa," alisema. "Mimi ndiye sikumsikiliza. Mungu ashukuriwe amerudi."

Jumapili waliimba wimbo huo mara mbili, kwa sababu kina mama wa viti vya nyuma walikataa kuketi. Katika kurudia, Mkasi alizidiwa na furaha, akaingia kabla ya wenzake, peke yake, kwa sauti ya juu. Yule dada akamkonyeza kutoka safu ya wanaume, na kwaya nzima ikamalizia ubeti ikiwa inacheka.