Mikanda ya Gari la Kapteni Olanya

Saverio alikaa miaka ishirini na sita katika gereji ya polisi, akichomelea chesi, yaani fremu za chini, za magari yaliyorudi yamepondeka, na muda wote huo hakuwahi kumwambia mkubwa wake "hapana". Alipostaafu alikwenda kuishi Luzira na mashine yake ya kuchomelea. Kapteni Olanya, naye mstaafu wa jeshi, alimkuta hapo akamwita nyumbani kwake wakaunde gari.

Gari lenyewe lilikuja kwa meli, vipande vipande ndani ya makasha: chesi ya mabomba, bodi nyepesi ya fiba, viti viwili. Injini walitafuta wenyewe. Kwa miezi saba walifanya kazi uani, na Florence, mke wa kapteni, akiwaletea chai ya maziwa na mihogo, akikaa kidogo kuwatazama na kuwacheka.

Ugomvi ulitokea kwenye mikanda ya viti. Ya kiunoni haikuwa na shida. Saverio aliishikiza chini kwenye chesi, juu ya vipande vipana vya chuma, ili ibane mifupa ya nyonga na si tumbo. Ya mabegani ilihitaji bomba nene lipite nyuma ya viti, kwenye kimo cha mabega. Olanya alilitazama bomba hilo asubuhi moja, akakunja uso.

"Litoe. Limeharibu umbo lote. Mikanda ishike sakafuni, nyuma ya kiti."

"Afande, ikitokea sakafuni itavuta mabega kwenda chini. Gari likigonga, mtu anakandamizwa kitini. Mgongo ndio unaovunjika. Kule gereji nimeona..."

"Saverio. Gari la nani hili?"

"Lako, afande."

"Basi."

Angeweza kukusanya vifaa vyake akaenda zake. Alilijua hilo hata pale alipokuwa akilikata bomba. Badala yake alichomelea vishikizo sakafuni, tena akavichomelea vizuri, kama alivyofanya kila kazi aliyoamriwa. Siku ya kulijaribu gari, yeye ndiye aliyemfunga Florence mikanda, akaikaza.

"Usiilegeze, mama."

"Nitailegezaje, na wewe fundi umesema?"

Wiki ya tatu, Olanya na Florence wakielekea Bugolobi, lori lilisimama ghafla mbele yao, wakaligonga. Olanya hakupenda kubanwa. Alikuwa amefunga mkanda wa kiunoni tu. Alivunjika mbavu na meno mawili, na baada ya mwezi alikuwa akitembea. Florence alikuwa amefunga yote. Hakuna kishikizo kilichong'oka. Pingili mbili za uti wa mgongo wake zilipondeka, na miguu haikumsikia tena.

Askari wa trafiki alipouliza nani aliweka mikanda, Olanya alijibu, "Fundi. Mimi ni mwanajeshi, mambo ya chuma siyajui." Saverio alikuwa amesimama karibu. Hakubisha.

Siku alipopata ujasiri wa kwenda hospitali, Florence alimtazama bila kugeuza kichwa.

"Ulijua?"

"Nilimwambia afande, mama. Nilimweleza kabisa."

"Sikuulizi ulimwambia nani. Kiti kile nilikuwa nakaa mimi. Kila siku nilikuwa hapo, nawamiminia chai. Mimi uliniambia?"

Goretti, dada wa mgonjwa, alimwomba Saverio atoke, maana saa ya kumgeuza ilikuwa imefika. Akiwa nje ya mlango alisikia wauguzi wakihesabu moja, mbili, tatu, kisha sauti ya Florence. Akateremka ngazi upesi.

Ripoti ya ajali ilipotoka ilisema kazi ya kuchomelea ilikuwa imara, fundi hana kesi ya kujibu. Olanya alimletea nakala mwenyewe, akamkabidhi kama mtu anayetoa zawadi, akampiga bega.

"Umeona? Nilikutetea."

Saverio aliipokea karatasi kwa mikono miwili.

"Asante, afande," akasema, na alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, alitamani kama wangemfunga jela.