Kisogo cha Bwana Mifugo

Kisogo cha mume wangu nakijua kuliko uso wake. Kina mkunjo mmoja mnene juu ya kola, na chini yake kovu dogo la kinyozi aliyekuwa na haraka. Miaka thelathini na mmoja nimetembea nyuma yake, kanisani, sokoni, misibani, naye yuko mbele na fimbo yake, anazungumza bila kugeuka. Nilipoolewa nilimwuliza mama mkwe kwa nini wanaume wa kwao wanatangulia. Akasema ni kwa ajili ya fisi.

Kwa hiyo binti yetu alipotulipia siku sita za Unguja, kumpongeza baba yake kwa kustaafu, nilijua nitakachokwenda kuangalia. Kisogo, na bahari kwa pembeni.

Lakini na mimi nilikuwa na jambo langu. Wiki ile ile aliyokabidhi ofisi ya mifugo, alitangaza mezani kwamba tunahamia kwao Kinyangiri, kwenye ng'ombe wake. Hakuuliza. Mimi nina nyumba Ilongero niliyoijenga kwa mshahara wa ualimu, nina alizeti nyuma ya nyumba, nina majirani ambao watoto wao nimewafundisha kusoma. Nikajiambia, nitampa hizo siku sita. Akinigeukia hata mara moja, akaniuliza mimi nataka nini, nitafungasha vyombo niende Kinyangiri bila neno. Asipogeuka, atahamia huko na ng'ombe wake.

Mji Mkongwe ni mzuri, sikatai, ingawa wenyewe wanausifu mpaka unachoka kwa niaba yao. Kila mlango una historia, na kila historia ina mtu wa kukusimulia utake usitake. Wa kwetu alitupokea kwa "jambo". Mtu mzima na ndevu zake anamwambia jambo mwalimu mstaafu, shikamoo hana. Nilimtazama mpaka akaikumbuka. Mume wangu naye akagonga mlango wa karne nzima kwa kidole, akasema mbao kama hiyo ingetoa lango zuri la zizi.

Vichochoro vya pale ni vyembamba, watu wakipishana lazima mmoja ajibane ukutani, kwa hiyo alipata sababu mpya ya kutangulia. Fisi sikumwona hata mmoja.

Siku ya pili nilivaa dera jipya nililonunua Darajani, la njano, njano ile ya alizeti iliyochanua, rangi inayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kwenye chai alinitazama vizuri, nikangoja. Akasema chapati za huku zina mafuta mengi.

Tulitoka kuzunguka, na wakati wa kurudi kwenye nyumba ya wageni alikuwa mbele kama kawaida, anaeleza jinsi zizi la Kinyangiri litakavyokaa, mlango upande wa mashariki. Mimi nikasimama kwa mama mmoja aliyekuwa anashona kofia kibarazani. Sikumwita mume wangu. Nilitaka kujua tu. Kisogo kikaenda, kikakata kona, sauti ikabaki kidogo, kisha nayo ikapotea. Nilikaa kwa yule mama karibu saa nzima, nikinywa kahawa chungu, na sitaficha, nilikuwa na hasira na nilikuwa nafurahi.

Niliporudi, dada wa mapokezi alikuwa anajizuia kucheka.

"Shikamoo mama. Mzee kaingia hapa anazungumza, nikadhani yupo kwenye simu. Kugeuka, ndiyo anajua hana mtu."

"Akasemaje?"

"Kanambia tukutafute. Namuuliza, mkeo kavaa nini? Kanambia kitenge cha kahawia."

Kitenge cha kahawia nilikifanya tambara la kudekia mwaka juzi.

Chumbani nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, fimbo magotini, amekasirika kama mtu aliyeibiwa.

"Ulipotelea wapi, mwalimu? Si ungeniita?"

"Na wewe si ungegeuka, baba?"

"Kwenye njia zile mtu anageukaje?"

Nikakubali kwamba huenda ni vichochoro. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote, najua mtu hafelishwi kwa swali moja.

Tukahamia Jambiani, kwenye kijiji cha pwani. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mweupe umelala mpaka mbali, na kundi lote la Kinyangiri lingepita pale ubavu kwa ubavu bila kubanana. Akatangulia. Wazungu walikuwa wamejianika kama makopa ya muhogo, naye anapita katikati yao na viatu vyake vya kazini. Alitazama bahari dakika moja, akasema chumvi tunayo ziwani Singidani, na maji ambayo ng'ombe hawezi kunywa hayana kazi. Kisha akamsimamisha kijana wa shuka nyekundu, akamwuliza ndama akishikwa na ndigana anaanza kuonyesha dalili gani. Kijana akasema yeye anauza shanga. Mume wangu akamdharau hadi chakula cha jioni, na hakuona kwamba alikuwa amemtazama usoni mgeni yule kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi tangu tulipoondoka nyumbani.

Siku ya mwisho niliingia baharini na dera langu mpaka kiunoni. Nilisimama pale, maji ya vuguvugu, nguo imeelea pande zote, nikamtazama anavyokwenda zake ufukweni, mkono mmoja hewani, anaeleza jambo. Hapo niliumia. Dharau humsaidia mtu kwa muda, halafu inakwisha, na yangu iliishia kwenye maji yale.

Stendi ya Singida tulishuka mchana. Akachukua begi lake, akaelekea kwenye magari ya Kinyangiri, anasema tukifika tu tutaita mafundi wa zizi. Mimi nikachukua langu, nikamwambia dereva wa bodaboda, Ilongero. Pikipiki ilipowaka bado nilikuwa namsikia. Nilisimuliwa baadaye kwamba aliweka kofia yake kwenye kiti cha pembeni kunishikia nafasi, na kwamba gari liliondoka naye, kofia bado iko kitini.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nakoroga uji wa mtama, mlango nimetia komeo. Nikasikia hodi.

"Mwalimu, fungua."

"Ng'ombe umemwachia nani?"

"Wako na mdogo wangu. Nimekuja kukuuliza kama utakubali tukae hapa. Fungua."

Nilishusha mwiko.

"Nimevaa nini?"

Kuku walikuwa wanaparua pale kizingitini, na nilimsikia akihamisha fimbo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Sijui," alisema mwishowe. "Fungua nione."

Niliepua uji kwanza, ndipo nikafungua.