Mlio wa Mashine ya Marehemu

Piii. Mlio huo mmoja nilikuwa nikiusikia kila usiku kutoka kwa jirani yangu hapa Mtoni, mjane aliyetokea Tukuyu. Kabla ya kulala aliwasha mashine ambayo marehemu mumewe aliitumia ofisini, yenye kioo na kibodi kama kompyuta za zamani. Ikishalia, analala.

Wiki hii mlio ulikoma. Mimi na mwanawe, mtu mzima, tukaibeba mashine hadi kwa fundi. Mama akatufuata.

Fundi aliifungua, akamulika ndani kwa simu.

"Mama, chipu kuu haipo. Ndiyo iliyokuwa inaendesha kioo, kibodi na huo mlio."

"Imeanguka?"

"Imeng'olewa. Watu wanasema zina dhahabu. Na hii haitengenezwi tena."

Mwanawe akainamia viatu vyake.

Tangu nimfahamu, mama huyu humwita mwanawe "Baba". Mwana huyo amerithi jina la babu yake mzaa baba, na kwao mke halitamki jina la baba mkwe, hata akishazikwa.

"Baba, ni wewe?"

"Mama, si lidude hilo lilikuwa linapiga kelele tu? Na dhahabu yenyewe haikufika hata hela ya soda."

Nilishtuka. Sisi wa mjini tunajua bei ya kila chuma chakavu, ila hatuulizi kinamlaza nani usingizi. Kumbe mshtuko wenyewe ulikuwa bado. Mama aligusa kioo kile cheusi, akamtazama mwanawe usoni, akalitaja jina lile taratibu, mbele yetu wote.

"Asajile."