Matanga Yangu Kwenye Shamba la Viazi

Kiti kilifika shambani kabla yangu. Cha plastiki, cha bluu, kimewekwa mpakani penye kivuli, na kitenge kimetandikwa juu yake. Nilikiona nikiwa bado mbali, jembe begani. Nikauliza, "Leo anakuja mkubwa gani?"

Kila mmoja akainama kama aliyeangusha sindano.

Sisi wanawake wa kijiji hiki, upande wa Sikonge, tunalimiana kwa zamu. Leo kwako, kesho kwangu. Mvua zikishika tunapiga matuta ya viazi shamba hadi shamba, na mwenye shamba anatupikia. Mimi nimo kwenye zamu hiyo tangu nilipoletwa hapa mwali. Wengi ninaolima nao niliwapokea mimi walipoolewa, nikawaonyesha kisima, nikawaambia na mume wa nani ana mdomo.

Kiongozi wetu, mke wa mtoto wa dada yangu, akanisogelea akifuta mikono isiyo na uchafu.

"Shikamoo, mayu," akasema, yaani mama kwa Kinyamwezi.

"Marahaba. Kiti cha nani?"

"Chako, mama. Binti yako wa Ipuli amekituma na basi la jana. Amesema sasa upumzike, na sisi tumekubaliana. Zamu yako ikifika tutakuja kukulimia, ila wewe usishike jembe tena."

"Nitafanya nini?"

"Utatuangalia tu."

"Kwani nyinyi ng'ombe, niwachunge?"

Walicheka, lakini jembe waliniondolea, wakanikalisha. Nasema kweli, sijawahi kukalia kitu kigumu kama kile kiti. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyofundishwa. Mwenye jembe ndiye mwenyeji. Sasa mwenyeji akinyang'anywa jembe anakuwa nani? Kulimiwa bure ni kwa mgonjwa na kwa mjane wa juzi. Ujane wangu una miaka mingi na mgonjwa sikuwa. Nikajua nikikubali siku ile, mwakani hata kuniita watasahau.

Ndipo akatokea mtani wangu, amechelewa kama kawaida yake. Ni Mzaramo, aliletwa huku na mumewe aliyekuwa dereva wa lori la tumbaku, na umri wake ni sawa na wangu, ingawa yeye anakataa. Utani wetu ulianza mababu wa Kinyamwezi walipokuwa wanabeba mizigo kwa miguu hadi pwani. Mmoja wetu akifa, mtani ana ruhusa ya kufanya fujo msibani, amwige marehemu, abebe na vitu vyake.

Alinitazama kitini. Akatazama jembe langu lililolazwa chini. Akatupa la kwake, akashika kichwa.

"Uwiii! Mnyamwezi wangu kafa!"

"Koma wewe," nikamwambia.

"Kafa saa ngapi? Mbona sikuitwa? Mimi mtani nisikie msiba njiani?" Akachomoa kilemba kichwani mwangu, akajifunga, akaanza kutembea kama mimi, makalio nyuma, kidole mbele. "Tuta gani hili? Hili tuta au kaburi la panya?"

Maneno yangu hayo, sikatai. Wanawake wakaangukiana. Kiongozi alikuwa chini, ameshika mbavu.

"Nyamaza, mchawi we!"

"Jamani, maiti inafoka! Huyu hata kufa hakumtoshi." Akaliokota jembe langu, akaliweka begani. "La marehemu ni la mtani. Naenda nalo kwangu."

Hapo niliinuka. Goti langu linalonisumbua sikulikumbuka. Tulikimbizana katikati ya matuta, vikongwe wawili, yeye analia msiba, mimi natukana, mpaka tukaanguka wote kwenye udongo mbichi. Nikashika mpini, naye akashika mpini, na kicheko kikatushika wote. Mimi mtu wa kucheka kidogo. Siku ile nilicheka mpaka kanga ikafunguka.

"Wazikaji, rudini makwenu," akasema. "Maiti imegoma. Inataka kulima."

Nikalima. Tuta la kwanza lilipinda kwa sababu bado nacheka. La pili likanyooka kama kamba. Nikiwa kwenye la tatu, simu yangu niliyoiacha kitini ikalia. Mtani akaipokea, kwa sababu sasa yeye ndiye alikuwa amekaa.

"Nani? Aa, binti yangu wa Ipuli! Marehemu yuko shamba, subiri amalize tuta. Kiti? Kiti nimerithi mimi."

Nikampokonya. "Kiti nimekiona, mwanangu, asante. Nitakikalia nyumbani, nikishatoka kulima."

"Mama, lakini umri..."

"Umri wangu haujakwambia umechoka."

Mchana tukala ugali na mlenda, wote tumekaa chini. Kiongozi akataja zamu, akiniangalia kwa pembe ya jicho. "Kesho tunakwenda kwa mtani. Keshokutwa kwa mayu. Kila mtu aje na jembe lake."

"Hata maiti?" mtani akauliza.

"Hata maiti. Ila maiti isizidi matuta matano."

"Saba," nikasema.

"Matano, mayu."

Nikakubali. Zamu ni zamu, na aliye ndani yake husikia kiongozi.

Goti liliniuma usiku kucha. Nilimwambia mtani peke yake, kwa simu. Alfajiri alikuja kwangu na mafuta ya kuchua, akasimama mlangoni akalia msiba kwanza, ndipo akaingia. Akanichua. Tukabeba majembe, tukaenda shambani kwake.